Alerte, Kikwit, na dawa ambayo filamu haikuiona

Filamu ambayo Wamarekani wanaiita Outbreak, sisi Goma tuliipata kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa inaitwa Alerte. Ilitoka tarehe 10 Machi 1995 chini ya mwongozaji Mjerumani Wolfgang Petersen. Waigizaji wake hata asiyependa sinema anawajua kwa sura: Dustin Hoffman, Morgan Freeman, Rene Russo, Donald Sutherland, Kevin Spacey, Cuba Gooding Jr. Iligharimu dola milioni 50 hivi, ikaingiza karibu milioni 190. Watazamaji waliipokea vizuri. Wahakiki ndio walioshindwa kukubaliana, na hawajakubaliana mpaka leo: ukiyaweka maoni yao pamoja, kama sita katika kila kumi wanaisifu na wanne wanaikataa.

Nimeyasoma maoni mengi ya pande zote mbili, na kila mara nabaki na dukuduku lile lile. Ubishi wao mkubwa ni juu ya nusu ya pili ya filamu. Shida yangu mimi iko kwenye dakika za mwanzo na kwenye dawa ya mwisho, na katika yote niliyosoma sijakutana na mhakiki aliyeviunganisha viwili hivyo.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi inakwenda hivi. Mwezi Julai 1967, huku kwetu Kongo, kwenye bonde la mto Motaba, maofisa wawili wa jeshi la Marekani wanafika katika kambi ya mamluki na kukuta watu wanavuja damu na kufa. Wanachukua sampuli, wanaahidi msaada, kisha inakuja ndege, inaangusha bomu, na kambi nzima inateketea. Karibu miaka thelathini baadaye virusi vile vile vinaibuka tena katika kijiji cha Zaire. Tumbili anasafirishwa kwa magendo hadi Marekani, na kwa njia yake ugonjwa unaingia katika mji mdogo wa California uitwao Cedar Creek. Virusi vinabadilika na kuanza kuenea kwa hewa. Jeshi linauzingira mji. Majenerali, ambao miaka yote hiyo wana seramu (dawa itokanayo na damu) ya virusi vya kwanza na wameificha ili virusi vibaki kuwa silaha, wanataka kuulipua mji kama walivyoilipua ile kambi. Hoffman, akiwa Kanali Sam Daniels, anarukaruka kwa helikopta kumtafuta tumbili kabla bomu halijaanguka.

Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Aliona kwamba imeshika vizuri ile hofu ya magonjwa yaliyojificha ndani kabisa ya misitu, yanayosubiri siku ya kutoka. Wengine walisema nusu ya kwanza ni kazi ya mtu anayejua kutisha (Petersen ndiye aliyeongoza Das Boot, filamu ya nyambizi ya mwaka 1981, kwa hiyo habari ya watu kufungiwa mahali pamoja na kifo aliijua), lakini nusu ya pili imeuacha ugonjwa na kugeuka mbio za helikopta. Walilalamika kwamba Hoffman si mtu wa kuruka kutoka angani, na kwamba jenerali wa Sutherland ni mbaya mno, mbaya wa vibonzo. Wataalamu wa virusi nao wakaongeza yao: hakuna ugonjwa wa namna hiyo unaomaliza kazi kwa siku moja tu, hakuna seramu inayotengenezwa kwa saa chache, na yule tumbili ni kapuchini, mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini ambaye haishi katika msitu wowote wa Kongo.

Hayo yote ni kweli. Lakini hebu turudi mwanzo.

Mwezi Julai 1967 si mwezi wa kubuni kwa watu wa Kivu. Tarehe 5 Julai mwaka huo mamluki waliasi dhidi ya serikali ya Mobutu, na mwezi Agosti kiongozi wao Jean Schramme na watu wake wakauteka mji wa Bukavu, wakaukalia mpaka mwanzoni mwa Novemba. Wazee wa Bukavu waliokuwa watoto wakati ule bado wanasimulia namna walivyokimbia. Filamu inachota katika historia hiyo, inachukua mamluki na mwaka, halafu inawaacha wenyeji nje. Katika kambi ile hatupati hata mtu mmoja wa kumfahamu kwa jina kabla moto haujashuka. Hata ardhi yenyewe si yetu: sehemu za Afrika zilipigwa picha Kauai, kisiwa cha Hawaii. Mtu aliyekulia hapa anaona mara moja kwamba ule udongo si wa kwao.

Kuna mtu mmoja wa kwetu katika filamu ambaye ana sura, jina na kazi: Dokta Benjamin Iwabi, daktari wa kijijini. Aliyemwigiza ni Zakes Mokae wa Afrika Kusini, mwigizaji mkubwa aliyepata tuzo ya Tony kule New York mwaka 1982. Mtazame vizuri ukiirudia filamu. Wamarekani wanashuka wakiwa wamejifunga nguo za kinga kama watu wa mwezini. Yeye yupo pale tayari, amekuwa na wagonjwa tangu mwanzo, amekwisha kuufuatilia ugonjwa na anajua ulivyoingia kijijini. Anawaeleza wageni kwa utulivu. Cuba Gooding Jr. anaona maiti, anashikwa na hofu, anavua kinga yake. Iwabi hatetemeki. Mokae anafanya kazi kubwa kwa dakika chache sana: macho yamechoka, sauti iko chini, mikono imetulia. Kisha wageni wanapanda helikopta yao na filamu haimtaji tena kwa jambo lolote la maana. Ndiye mtu anayejua kuliko wote kuhusu ugonjwa huo, na katika saa mbili za kutafuta dawa hakuna anayemuuliza kitu.

Hapo ndipo ninapokasirika, na hasira yangu ina tarehe.

Filamu ilipotoka Machi 1995, Ebola ilikuwa tayari inatembea kimya kimya huko Kikwit, mkoa wa Bandundu wa wakati ule. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana, mchoma makaa na mkulima wa pembeni ya mji, alikufa mwezi Januari. Ilichukua mpaka Mei dunia kufahamu. Watu 315 waliugua, karibu 250 wakafa, na karibu robo ya waliougua walikuwa wafanyakazi wa afya waliowahudumia wagonjwa bila glavu za kutosha. Watazamaji wa Los Angeles na Paris walikuwa wanashtushwa na Zaire ya Hawaii wakati Zaire yenyewe inazika wauguzi wake. Na mwaka uliotangulia, 1994, filamu ikiwa bado inatengenezwa, hapa hapa Goma kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua karibu wakimbizi 50,000 katika mwezi wa kwanza tu wa kufika kwao. Miili ilipangwa kandokando ya barabara, kwa sababu mawe ya volkano hayakubali kuchimbwa kaburi kwa jembe. Hatukukosa magonjwa ya kusimulia, wala mashahidi wa kuyasimulia.

Wahakiki wa wakati ule siwalaumu kwa kutojua habari za Kikwit. Walikuwa wanahakiki filamu waliyopewa. Lakini sikiliza kilichofuata.

Mkuu wa kazi Kikwit alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipoonekana kwa mara ya kwanza nchini na haijapewa jina bado. Kule Yambuku alitoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, kisha akanawa kwa sabuni, ndivyo alivyosalimika. Kikwit, mlipuko ulipokuwa unaelekea mwisho, yeye na wenzake walifanya jambo ambalo wageni wengi hawakulikubali: walichukua damu ya watu waliopona, wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wa nje walisema wanane ni wachache, kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwamba huduma kwa jumla ilikuwa imeboreka kufikia wakati huo. Walikuwa na hoja. Hata hivyo wazo lilibaki: ndani ya damu ya aliyeshinda ugonjwa huu mna kitu.

Mwaka 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyeponea huko alitoa damu tena. Watafiti wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, na wenzao wa Marekani walikuta bado ina kingamwili za kupambana na Ebola. Kutoka humo wakapata moja yenye nguvu, ikaitwa mAb114. Mwezi Novemba 2018 ikaingizwa katika jaribio huku kwetu Kivu ya Kaskazini, pamoja na dawa nyingine tatu. Wagonjwa 681 walishiriki. Mwezi Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zinaokoa watu kuliko nyingine. Waliopewa mAb114 walikufa kama 35 katika kila mia, wakati waliopewa moja ya dawa za zamani walikufa nusu nzima. Na waliowahi, wale ambao virusi vilikuwa bado vichache mwilini, waliokufa walikuwa kama mmoja katika kumi. Kwa ugonjwa ambao Yambuku uliua 280 kati ya 318, hilo ni jambo la kumfanya mtu akae chini kwanza.

Sasa iweke filamu kando ya habari hiyo. Petersen na waandishi wake waliona kitu sahihi: tiba itatoka katika damu ya aliyeishi na virusi bila kufa. Walikosea ni damu ya nani. Waliitafuta kwa tumbili, wakamkamatia California, kwa msaada wa mtoto wa Kimarekani aliyekuwa amezoeana naye. Waliofanya kazi ya kweli walimpata mtu wa Kikwit. Wahakiki waliocheka kwamba seramu ya filamu ni ya miujiza walicheka kwa sababu ya muda, saa chache badala ya miaka, na muda kweli haukubaliki. Lakini mimi naona kosa kubwa zaidi ni kwamba filamu haikuweza hata kufikiria kuwa Dokta Iwabi au mgonjwa wake aliyepona ndiye mwenye jibu. Kwa macho yake, kutoka Kongo kunatoka ugonjwa tu.

Mwaka 2019 nilikuwa reko, mhamasishaji wa jamii, wa riposti (ndivyo tulivyoiita kazi ya kuuzima mlipuko wa Ebola), katika mtaa wetu upande wa Ndosho. Mlipuko ulikuwa umetangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukapita Beni, Butembo na Katwa, na tarehe 14 Julai 2019 ukathibitishwa Goma: mchungaji aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya kimataifa. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, kila kizuizi kilikuwa na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Na katika vibanda vya video, Alerte ilirudi.

Nilikwenda kuitazama pale kwa makusudi, ili nijue watu wataniuliza nini kesho yake. Kuna tukio maarufu ndani yake: mgonjwa anakohoa akiwa katika ukumbi wa sinema, na kamera inafuata matone yakiruka juu ya vichwa vya watazamaji, mpaka ndani ya kinywa cha mtu anayecheka. Wahakiki wengi walilisifu tukio hilo, na kwa ufundi lina haki ya sifa. Lakini fikiria kulitazama katika kibanda cha mabati, watu wamebanana kwenye mabenchi, wiki ambayo Ebola imeingia mjini. Kijana mmoja nyuma yangu alikohoa kwa kawaida tu, na benchi lake lote likasimama. Wengine walitoka, hawakurudi. Kesho yake nilianza kila mazungumzo kwa jambo moja: Ebola hii haipiti hewani kama ile ya filamu, inapita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti, na dalili zinaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuonekana. Matone yale ya sinema yalinipa kazi kuliko uvumi wote wa sokoni.

Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye namheshimu sana, hakuuliza juu ya matone.

“Mwanangu, jenerali yule alikuwa na dawa ndani ya friji miaka yote, siyo?”

“Ndiyo, mama. Lakini ile ni filamu.”

“Najua ni filamu, sikuzaliwa jana. Nakuuliza hivi: nyinyi wa riposti, dawa yenu iko kwenye friji ya nani?”

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Jenerali ambaye wahakiki walisema amezidishwa ubaya, ndiye mtu ambaye watazamaji wa kwetu walimwamini kuliko wote. Hawakuwa wajinga. Desemba 2018 wapiga kura wa Beni na Butembo walizuiwa kumchagua rais siku moja na wenzao, na Ebola ikatajwa kama mojawapo ya sababu. Watu walikuwa wameuawa usiku Beni kwa miaka bila dunia kuja na magari mengi kiasi hicho. Halafu ghafla magari yakaja. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha majenerali wanaoficha seramu, humfundishi kitu kipya, unampa picha ya alichokwisha kukishuku. Na shuku hiyo ilileta maafa: vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili daktari kutoka Kamerun aliyekuja kusaidia aliuawa akiwa kazini hospitalini Butembo.

Sisemi kwamba filamu iliua mtu. Nasema mhakiki anayeipima kwa mizani ya kuaminika tu, akasema njama zake hazisadikiki, anapima kwa ajili ya mtazamaji mmoja aliyekaa mbali. Mahali pengine njama ndiyo sehemu inayosadikika, na kinachoonekana cha ajabu ni daktari mwema anayevunja amri ili akuokoe.

Yule mama nilimjibu nilivyoweza. Nilimwambia dawa ipo, inajaribiwa Beni na Butembo, bure, na imetoka katika damu ya Mkongo wa Kikwit. Akaniangalia. “Wa Kikwit?” Ndiyo mama, wa Kikwit. Akaita jirani yake wa meza ya pili aje asikie. Mwezi huo huo wa Julai mchimba dhahabu aliyekuwa ametoka Ituri aliugua hapa mjini akafa, na mke wake na mtoto wao wa mwaka mmoja wakaambukizwa; katikati ya Agosti wakatoka kituoni wamepona, baada ya kutibiwa kwa dawa mpya. Sijui tangazo lolote lililofanya kazi kubwa Goma kuliko ile picha ya mama na mtoto wakitoka.

Nisiikatae filamu nzima, kwa sababu si mbaya yote. Kuna sehemu inayomwonyesha mama wa Cedar Creek akitenganishwa na familia yake na kuchukuliwa na wanajeshi, naye anajaribu kuwafanya watoto wasiogope. Sehemu hiyo ni ya kweli. Petersen ameipiga bila muziki mwingi wa kulazimisha machozi, na kila niliyeitazama naye hapa alinyamaza. Sisi tuliona mambo hayo kwa macho: gari jeupe linakuja, mtu anapanda mwenyewe kwa miguu yake, nyumba inapuliziwa dawa, majirani wamesimama mbali. Ambacho filamu haina ni kilichofuata kwetu baada ya machozi hayo. Huko Beni walijenga vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa na kuongea naye bila nguo za kutisha katikati. Na watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao walilelewa na wanawake walioponea Ebola, tuliowaita washindi, ambao kwa kuwa wamekwisha kuugua waliweza kuwabeba kifuani na kuwalisha. Mwandishi yeyote wa filamu angekuwa na kitabu kizima humo.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ulikuwa umeua watu 2,287. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100. Miezi michache kabla, wakati Covid imewafungia watu majumbani, Alerte ilipanda tena miongoni mwa filamu zilizotazamwa sana Marekani, na makala mpya za kuihakiki zikaandikwa. Nilizisoma kwa hamu. Jaribio la dawa lilikuwa limekwisha kuchapishwa tangu mwisho wa 2019, jina la Muyembe lilikuwa magazetini, habari ya Kikwit ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Makala nilizozipata zilirudi kwenye helikopta, kwenye umri wa Hoffman, kwenye tumbili wa Amerika ya Kusini. Nyingine zilihesabu filamu ilipatia nini kuhusu karantini na barakoa. Dokta Iwabi hakutajwa. Mokae alikuwa amefariki mwaka 2009, na katika kazi zake zote nadhani hii ndiyo aliyoibeba kwa maneno machache zaidi, akiwa peke yake katika filamu nzima anayefanana na watu walioipata dawa.

Mimi filamu hii naipa nusu: nusu nzuri ni mikono ya Petersen, nusu iliyobaki bado haijapigwa, na wa kuipiga wapo. Goma ina vijana wenye kamera nzuri na tamasha lake la filamu, Kinshasa ina INRB na mzee Muyembe mwenyewe bado anasimulia. Waanze na chumba cha wagonjwa Kikwit, Juni 1995, chupa ya damu ya aliyepona ikining’inia, na madaktari wakibishana kama waifungue.